Kufumua na Kufuma: Uzi wa Kigeni katika Sanaa ya Nguo za Kufumwa kwa Mkono

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tendo moja katika historia ya ufumaji wa mkono: tendo la kufumua nguo ya kigeni ili kupata uzi wa kufumia nguo nyingine. Tendo hili limeandikwa habari zake katika sehemu tatu za dunia zilizokuwa mbali sana moja na nyingine, yaani Sofala katika mwambao wa Afrika Mashariki, Asante katika Ghana ya leo, na nchi ya Wanavajo katika Amerika ya Kaskazini. Kwa kawaida tendo hili huelezwa kwa sababu ya uhaba wa rangi. Tunakubali sababu hiyo, lakini tunadai kwamba haitoshi. Kufumua kunaonyesha kuwa mfumi alikuwa na jambo lake la kusema, na kwamba nguo aliyoletewa, hata ikiwa nzuri, haikulisema. Mwishoni tunajadili maana ya dai hili kwa uhakiki wa fani na maudhui, na kwa nadharia ya ukopaji katika lugha.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya sanaa za Kiafrika, nguo ya kufumwa kwa mkono imekuwa ikiwekwa mahali padogo. Mchongaji huitwa msanii, mtunzi wa mashairi huitwa msanii, lakini mfumi aghalabu huitwa fundi, na kazi yake huhesabiwa pamoja na kazi za mikono. Hoja inayotolewa ni kwamba mfumi hurudia michoro aliyorithi, na kwamba shabaha yake ni kuvika mwili, si kueleza fikra wala hisia.

Hoja hii ina udhaifu wa wazi. Utenzi nao hutungwa kwa mizani na vina vilivyorithiwa, na ngoma nyingi huchezwa kwa shabaha ya jando, arusi au mazishi; hata hivyo hatuzinyimi jina la sanaa. Lakini haitoshi kujibu kwa kulinganisha tu. Hatuna budi kuonyesha ni wapi hasa, ndani ya kazi yenyewe ya kufuma, panapopatikana nafasi ya mfumi kuchagua na kueleza. Makala haya yanaitafuta nafasi hiyo mahali ambapo watafiti wengi wamepita haraka: pale mfumi anapoichukua nguo iliyokwisha kufumwa na wengine, akaifumua uzi kwa uzi, kisha akaanza upya.

Tutaanza na msamiati wa Kiswahili wenyewe, kwa kuwa una mengi ya kutufunza juu ya jambo hili. Baadaye tutaangalia ushahidi wa Sofala, wa Asante na wa Wanavajo, kisha tutarejea katika mjadala wa jumla.

2.0 Msamiati wa ufumaji katika Kiswahili

Kiswahili hutenganisha kusuka na kufuma. Tunasuka ukili, mikeka, vikapu, kamba na nywele. Tunafuma nguo, nyavu na vitambaa vya uzi. Mpaka huu hauzingatiwi na wasemaji wote kwa ukali ule ule, lakini upo. Kitenzi kufuma cha maana hii kisichanganywe na kufuma chenye maana ya kupiga kwa mshale au mkuki.

Afumaye nguo ni mfumi, na chombo chake ni kitanda cha mfumi. Nyuzi zinazotangulia kunyoshwa juu ya kitanda hicho huitwa mtande, na uzi unaopitishwa katikati yake kwa kuvuka, huku na huku, huitwa mshindio. Maneno mtande na kitanda yanaelekea kuwa na asili moja na kitenzi kutanda, ambacho ndicho kilichotupa pia utando wa buibui. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anapotaja mtande anamkaribia buibui bila ya kukusudia. Tutaona kwamba jamii nyingine zilifika kwa buibui kwa njia ya hadithi.

Kitenzi kinachotuhusu zaidi ni kufumua. Hiki ni kufuma katika kauli ya kutendua, kama vile funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Inafaa kuzingatia kwamba hata nywele, ambazo tunazisuka, tunapozirudisha katika hali yake ya awali hatuna neno lililozoeleka zaidi ya kuzifumua. Kauli ya kutendua haina maana ya kuharibu. Afunguaye mlango hauvunji, na afumuaye nguo hairarui. Tofauti baina ya kurarua na kufumua ni kubwa: nguo iliyoraruliwa inabaki tambara, na nyuzi zake zimekatika, nguo iliyofumuliwa inatoweka kama nguo, lakini uzi wake unabaki mzima, tayari kwa kazi nyingine. Kufumua ni kurudi nyuma hadi mahali ambapo uamuzi wa mfumi wa kwanza ulikuwa haujafanywa.

3.0 Ushahidi kutoka mwambao: Sofala

Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na wafumi wa pamba karne nyingi kabla ya kuja kwa vitambaa vya viwandani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, anataja nguo zilizofumwa mjini humo, zilizoitwa kwa jina la mji na kupelekwa hadi Misri. Neville Chittick, katika ripoti yake ya uchimbaji wa Kilwa iliyochapishwa mwaka 1974, anaeleza vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vigae hivyo vilitiwa katika vijiti vya kusokotea uzi ili kuvipa uzito. Mahali penye vigae vya namna hii palikuwa na watu waliosokota pamba, na wasokotaji hawakosi kuwa na wafumi karibu yao.

Ushahidi ulio muhimu zaidi kwa makala haya unatoka kwa Duarte Barbosa, Mreno aliyemaliza kuandika kitabu chake juu ya nchi za Bahari ya Hindi katika miaka ya 1516 hadi 1518 hivi. Akieleza habari za Waislamu wa Sofala, Barbosa anasema kuwa walilima pamba na kufuma nguo nyeupe. Kwa kuwa hawakujua kutia rangi, au hawakuwa na rangi zenyewe, walichukua nguo za buluu na za rangi nyingine zilizoletwa kutoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua, kisha wakafuma upya kwa kuchanganya uzi huo na uzi wao mweupe. Nguo hizo za mchanganyiko waliziuza wakapata dhahabu nyingi.

Maelezo haya mafupi yamenukuliwa mara nyingi na wanahistoria wa biashara. Wao wameyaona kuwa ni ushahidi wa uhaba wa rangi na wa werevu wa wachuuzi. Hatupingi. Hata hivyo kuna swali ambalo maelezo hayo hayalijibu. Ikiwa kilichotakiwa kilikuwa rangi tu, nguo ya Cambay ilikuwa nayo tayari. Ilikuwa imefumwa, imetiwa rangi, na ingeweza kuvaliwa au kuuzwa kama ilivyo. Kuifumua ni kuongeza kazi juu ya kazi: kwanza kuutoa uzi bila ya kuukata, kisha kuutanda au kuupitisha upya. Mnunuzi aliyetoa dhahabu kwa nguo ya Sofala hakununua buluu ya Cambay peke yake. Alinunua namna ile buluu ilivyowekwa kando ya nyeupe na mfumi wa mwambao, kwa mpango ambao mfumi huyo na wateja wake waliuelewa.

Tuwe waangalifu hapa. Ushahidi tulionao kwa Sofala ni wa maandishi. Unatuwezesha kulizungumzia tendo, lakini hautuwezeshi kuizungumzia michoro. Kwa sababu hiyo hatuna budi kutazama mahali pengine ambapo tendo hilo hilo lilifanyika na nguo zake zikahifadhiwa.

4.0 Asante: hariri iliyofumuliwa

Mahali pa kwanza ni dola ya Asante. Ludewig Ferdinand Rømer, mfanyabiashara wa Kidenishi aliyeishi katika pwani ya Gini, alichapisha kitabu chake Copenhagen mwaka 1760. Humo anasimulia kwamba mfalme Opoku Ware, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, aliamuru vitambaa vya hariri vya kila rangi vinunuliwe kutoka kwa Wazungu wa pwani. Mafundi wake walivifumua, wakapata nyuzi nyingi sana za rangi, wakazichanganya na pamba yao.

Mfanano wa habari hii na ile ya Barbosa ni wa ajabu. Kati ya maandishi hayo mawili kuna zaidi ya karne mbili na upana wote wa bara la Afrika. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Waasante waliiga watu wa Sofala. Ni busara zaidi kusema kwamba wafumi waliokutana na hali inayofanana waliifikia njia moja, kwa kuwa njia hiyo imo katika asili ya ufumaji wenyewe. Nguo ya kufumwa ndiyo sanaa inayoweza kurudishwa katika malighafi yake bila ya malighafi hiyo kupotea. Kinyago hakirudi kuwa gogo.

Hapa pia uhaba wa rangi ulikuwepo. Buluu ilipatikana kwa majani ya nili, lakini rangi nyekundu iliyo imara ilikuwa ngumu kuipata. Tofauti na Sofala, hata hivyo, tunaweza kuona walichokifanya Waasante kwa nyuzi hizo, kwa sababu nguo yenyewe, ambayo leo inajulikana kwa jina la kente, bado inafumwa Bonwire na vijiji vingine vya karibu na Kumasi, na kwa Waewe katika sehemu kama Agotime Kpetoe.

4.1 Namna kente inavyofumwa

Kente hufumwa kwa tepe nyembamba, kila utepe ukiwa na upana wa sentimeta 10 hivi. Tepe hizo hushonwa pamoja ubavu kwa ubavu hadi kupata nguo nzima. Kwa desturi wafumi ni wanaume. Mfumi hukaa ndani ya kitanda chake, mtande ukiwa umenyoshwa mbele yake na mwisho wake ukivutwa na mzigo. Nyuzi za mtande hupita katika vitanzi, na mfumi huvipandisha na kuvishusha vitanzi hivyo kwa kamba anazozibana kwa vidole vya miguu.

Ufundi wa kente umo katika kuwa na jozi mbili za vitanzi. Jozi ya kwanza huinua nyuzi za mtande mmoja mmoja kwa kupishana. Matokeo yake ni sehemu ambayo mtande ndio unaoonekana, na mistari yake ya rangi husimama kwa urefu. Jozi ya pili huinua nyuzi za mtande kwa mafungu. Mshindio unaopitishwa hapo hubanwa hadi kuufunika mtande kabisa, na rangi yake hulala kwa upana. Kwa kubadilisha jozi, mfumi huamua, kila baada ya vidole vichache vya urefu, ni uzi upi utakaosema na upi utakaonyamaza. Mistari ya kusimama na vipande vya kulala hupokezana katika utepe mmoja. Tepe zinaposhonwa pamoja, vipande hivyo hukaa kama miraba ya bao juu ya nguo nzima. Hii ina maana kwamba mfumi alipokuwa akifuma utepe wa kwanza alikwisha kuwaza mahali pa kila kipande katika tepe zitakazofuata.

Uzi wa hariri uliofumuliwa ulifaa sana kwa kazi hii. Ulikuwa mwembamba, laini na wenye kung'aa. Ulipobanwa ulifunika mtande bila ya kuacha nafasi. Kwa hiyo ile rangi iliyokuwa imetawanyika katika kitambaa cha Ulaya ilikusanywa ikawa kipande kimoja kizito cha nyekundu au cha manjano. Rangi ilikuwa ile ile, lakini kauli yake ilikuwa nyingine.

4.2 Jina na nguo

R. S. Rattray, katika kitabu chake cha mwaka 1927 juu ya dini na sanaa za Asante, alikusanya majina mengi ya nguo hizi. Kwa kawaida jina la nguo hutokana na mpango wa mistari ya mtande. Michoro ya mshindio nayo ina majina yake, mathalani nkyemfre, yaani kigae cha chungu, na akyem, yaani ngao. Majina mengine hubeba historia. Oyokoman ni jina linalohusishwa na ugomvi uliozuka ndani ya ukoo wa kifalme wa Oyoko baada ya kufa Osei Tutu mwaka 1717, na maneno yanayoambatana nalo husema kwamba mna moto ndani ya watu wa Oyoko. Jina Adweneasa lina maana ya kuwa ujuzi umefikia kikomo: katika nguo hiyo mfumi huongeza michoro ya mshindio hata katika nafasi ambazo kwa kawaida huachwa wazi.

Kwa msomi wa Kiswahili, ni rahisi kuilinganisha kente na kanga. Nguo zote mbili zina jina, na zote mbili huweza kutuma ujumbe. Lakini tofauti yao ni ya msingi. Jina la kanga limepigwa chapa juu ya kitambaa. Ajuaye kusoma atalisoma. Jina la kente halimo katika nguo kwa herufi. Ni lazima kufundishwa kulitambua.

Je, basi, maana ya kente imo katika jina? Kisa kimoja kinasaidia kujibu. Kwame Nkrumah alimwoa Fathia, binti wa Kimisri, mwishoni mwa mwaka 1957. Kente moja ikapewa jina la Fathia fata Nkrumah, yaani Fathia anamfaa Nkrumah. Nkrumah alipopinduliwa Februari 1966, nguo hiyo hiyo ikapewa jina lingine, Obaakofo mmu man, kwa maana ya kuwa mtu mmoja hatawali nchi. Hakuna uzi uliobadilishwa. Jina la sifa likageuka kuwa jina la onyo, na nguo ikabaki ilivyokuwa.

Wapo wanaoweza kuchukua kisa hiki kuwa ushahidi kwamba nguo haisemi kitu, na kwamba watu ndio wanaoitilia maneno. Sisi tunaona kinyume chake. Kama nguo ingekuwa ganda tupu la jina, ingetupwa pamoja na jina lake, kama picha za kiongozi zinavyoondolewa ukutani. Haikutupwa, kwa sababu uzito wa mpango wake wa rangi ulikuwepo kabla ya jina la kwanza na ulibaki baada yake. Jina hueleza nguo kwa wakati fulani. Mfumo wa mtande na mshindio ndio unaoifanya nguo istahili kupewa jina.

5.0 Wanavajo: nyekundu ya bayeta

Mahali pa pili ni kusini-magharibi mwa Marekani ya leo, nchi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Hapa wafumi kwa desturi ni wanawake, kitanda chao husimama wima, na uzi wao ni sufi ya kondoo walioletwa na Wahispania. Masimulizi yao yanasema kwamba ufumaji walifundishwa na Mwanamke Buibui. Waasante nao husimulia kuwa watu wawili wa Bonwire walijifunza kufuma kwa kumtazama buibui akitanda utando wake. Kwa hiyo uhusiano ambao Kiswahili kimeuhifadhi katika mzizi wa neno, wao wameuhifadhi katika hadithi.

Wafumi hao walikuwa na nyeupe na kahawia ya sufi yenyewe, na buluu ya nili waliyoinunua. Nyekundu iliyokolea haikuwepo. Waliipata kwa kufumua kitambaa cha sufi cha Ulaya kilichojulikana kwa jina la Kihispania, bayeta. Uzi uliotoka humo ulikuwa mwembamba, na mara nyingine nyuzi mbili au tatu ziliunganishwa ili zifae kuwa mshindio.

Mablanketi yao maarufu ya karne ya 19, ambayo wakusanyaji wameyapa jina la mablanketi ya machifu, yanatuonyesha hatua za matumizi ya uzi huo. Katika hatua ya kwanza mna mistari mipana ya nyeupe, kahawia na buluu, na nyekundu ni kidogo au haipo kabisa. Katika hatua ya pili nyekundu inaingia kwa miraba midogo ndani ya mistari. Katika hatua ya tatu inakuwa michoro yenye ngazi na pembe, inayokaa katikati na kwenye pembe za blanketi, hivi kwamba blanketi linapozungushwa mwilini pembe hizo hukutana na kukamilisha umbo. Hii si historia ya watu waliopata rangi wakaimwaga popote. Nyekundu ilikuwa adimu, na mfumi aliiweka mahali alipotaka jicho lisimame.

Mwaka 1864 Wanavajo walihamishwa kwa nguvu na jeshi la Marekani hadi Bosque Redondo, baada ya mifugo na mashamba yao kuangamizwa. Walikaa huko hadi mwaka 1868, wakipewa vitambaa na nyuzi za viwandani. Uzi wa kiwandani wenye rangi kali uliendelea kuwafikia baada ya kurudi kwao, na kutokana nao wakafuma nguo za michoro iliyosongamana, yenye rangi zinazogongana hata jicho likayumba. Wanunuzi wengine wa wakati huo waliziona nguo hizo kuwa ni upotovu wa jadi. Leo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Uzi ulitoka kwa watu wale wale waliowanyang'anya nchi. Mpango wa uzi ulibaki wao.

6.0 Mjadala

Kutokana na ushahidi huu tunaweza kutoa hoja tatu.

Kwanza, sababu ya uhaba ni ya kweli lakini ni nusu ya maelezo. Uhaba unatueleza kwa nini uzi wa kigeni ulitafutwa. Hautuelezi kwa nini nguo ya kigeni ilikataliwa. Katika mifano yote mitatu nguo iliyofumuliwa ilikuwa bidhaa ya thamani. Aliyeifumua alikubali rangi yake na kukataa mpango wake. Huko ni kutoa hukumu ya kisanaa, na hukumu hiyo inatolewa na mtu mwenye mpango wake mwenyewe. Yamkini pingamizi litatolewa kwamba wafumi hao walifuata soko na amri ya wafalme. Ni kweli, lakini soko lililolipa dhahabu na mfalme aliyetoa amri walikuwa wakiitaka nguo iliyofumwa upya. Ladha ya wateja haiondoi usanii wa mfumi, kama vile ladha ya wasikilizaji isivyouondoa usanii wa malenga.

Pili, ufumaji unatusaidia kulitazama upya suala la fani na maudhui. Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili wameyajadili mambo haya mawili kana kwamba moja ni chombo na jingine ni kitu kilichomo. Katika nguo ya kufumwa, mgawanyo huo haushiki. Mchoro wa mshindio haukuwekwa juu ya kitambaa. Mchoro ndio kitambaa. Ukiuondoa huna kitambaa chenye uso mtupu, bali una nyuzi. Hii ndiyo tofauti baina ya kente ya Bonwire na nakala zake zinazopigwa chapa viwandani. Nakala huonyesha picha ya mshindio ukivuka mtande, lakini chini ya picha hiyo pana kitambaa cha kawaida ambacho kingeweza kupigwa chapa nyingine yoyote. Sheria ya hakimiliki ya Ghana ya mwaka 2005 imeziweka nguo hizi chini ya ulinzi wa urithi wa taifa, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa kente katika orodha yake ya urithi usioshikika. Inafaa kuzingatia kwamba kilichoorodheshwa na UNESCO ni ufundi wa kufuma, si picha. Picha inaweza kunakiliwa. Uamuzi wa mfumi katika kila upitishaji wa uzi hauwezi kunakiliwa isipokuwa kwa kufuma.

Tatu, kufumua na kufuma ni kielelezo kizuri cha ukopaji. Tumezoea kuuliza kama kitu fulani ni cha asili au ni cha kuazima, kana kwamba kilichoazimwa kinabaki mali ya mwenyewe. Kiswahili chenyewe kinatujibu. Neno kitabu limetokana na Kiarabu, ambamo sauti ki ya mwanzo ni sehemu ya mzizi. Wasemaji wa Kiswahili walilifumua neno hilo. Wakaichukua ki kuwa kiambishi cha ngeli, wakatupa vitabu kwa wingi, na baadaye kijitabu. Uzi ni wa Kiarabu, lakini mtande ni wa Kibantu. Hakuna anayesema kwamba sentensi yenye neno vitabu si ya Kiswahili. Kwa kigezo hicho hicho, nguo ya Sofala yenye uzi wa Cambay haikuwa nguo ya Cambay, na kente yenye hariri ya Ulaya haikuwa nguo ya Ulaya.

Ni lazima tuongeze tahadhari moja. Si kila ukopaji ni kufumua. Upo ukopaji wa kuvaa nguo ya mtu kama ilivyo, na huo hauna aibu. Watu wa mwambao walivaa nguo za Bara Hindi, Maskati na merikani kwa karne nyingi. Upo pia ukopaji wa kuongeza pindo. Kamusi zetu zinalo neno taraza, yaani ukingo wa rangi unaofumwa na kuongezwa kwenye kilemba au nguo. Mtu wa taraza huikubali nguo na kutia neno lake pembeni. Kuvaa, kutia taraza na kufumua ni daraja tatu za uhusiano na kitu cha kigeni, na mhakiki wa sanaa, kama mhakiki wa fasihi na wa tafsiri, atafaidika akizitofautisha.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usanii wa mfumi umo katika uamuzi wake juu ya mtande na mshindio, na kwamba uamuzi huo unaonekana wazi zaidi pale anapoitengua kazi ya mwingine ili aanze yake. Sofala, Asante na nchi ya Wanavajo zinatupa ushahidi wa tendo moja lililofanywa na watu wasiojuana, kila mmoja kwa haja yake na kwa matokeo yake.

Linabaki jambo moja linalozihusu idara zetu za Kiswahili moja kwa moja. Waasante na Wanavajo wangali wanafuma, na watafiti wanaweza kwenda kukaa karibu na kitanda cha mfumi na kuuliza jina la kila kitu. Katika sehemu kubwa ya mwambao wetu ufumaji wa nguo kwa mkono umetoweka, na wanafunzi wengi wanaolikuta neno mshindio katika kamusi hawajawahi kuuona mshindio wenyewe. Hata hivyo maneno yapo: mfumi, mtande, mshindio, taraza, kufumua. Kama vile vigae vilivyotobolewa vya Kilwa, maneno haya ni mabaki ya kazi iliyokuwa ikifanywa. Yakusanywe pamoja na maana zake za kila lahaja, yalinganishwe na istilahi za wasukaji wa ukili na wa nyavu ambao bado wako kazini, na yasomwe kama ushahidi wa historia ya sanaa. Wazee wanaozijua istilahi hizo wanapungua, na kazi ya kuwauliza haihitaji vyombo vingine zaidi ya daftari na subira.